Baba Yako Hakufuata Dhahabu

Nekesa mwanangu,

Umekwenda Dabani kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za safari. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba na daftari lako la jiografia, lile lenye kurasa tupu mwishoni. Jua bado liko juu. Nisipomaliza kabla hujarudi sitamaliza tena, maana kesho asubuhi basi la Tororo litakuchukua, na jioni utakuwa ndani ya treni ya Kampala.

Habari za shuka na sabuni, na jinsi ya kukaa na wasichana wa makabila mengine huko chuo cha wauguzi, mama yako amekwisha kukueleza mara tatu. Nilimsikia. Sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka sita kama mtu aliyekalia siafu akajifanya hawamuumi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika. Lakini si hilo tu. Kwa Lusamia yetu maneno haya yana sura za watu. Nikianza kuyasema namwona baba yako amesimama mlangoni. Kwa Kiswahili naweza kujidanganya kwamba namweleza mgeni.

Wiki iliyopita uliniletea fomu ya chuo nitie sahihi. Mahali pa jina la baba ulikuwa umeandika langu, Wandera. Nikakuambia, "Lakini baba yako ni Ouma." Ukajibu bila kuinua macho, "Baba, yule alichagua dhahabu. Wewe ndiye uliyebaki." Nikachukua kalamu, nikatia sahihi.

Nekesa, baba yako hakuchagua dhahabu. Mimi ndiye niliyemwondoa mtoni, na mimi ndiye niliyeitunga habari ya dhahabu. Nitakueleza ilivyokuwa, na nakuomba usiruke ukurasa hata kama hasira itakupanda.

Babu yako, ambaye hukumkuta, alikuwa mtu wa ningu, wale samaki wa mtoni. Wewe umekula ningu ulipokuwa mdogo, sijui kama unakumbuka ladha yake. Mvua za masika zikianza, Mto Sio ulikuwa unabadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa, na ningu wakatoka ziwani, maelfu kwa maelfu, wakapanda mto kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Babu alijenga uzio wa fito na matete kutoka ukingo hadi ukingo, akaacha milango, na kwenye milango akatega migono, vile vikapu virefu ambavyo samaki akiingia hajui kutoka. Lakini midomo ya migono yake ilitazama juu, kule maji yanakotoka. Samaki aliyepanda na mayai alipita mlangoni akaenda zake. Aliyekwisha kutaga, akirudi ziwani na maji yanayopungua, huyo ndiye aliyeingia kikapuni. Babu hakuwa mtu wa maneno. Alituambia mara moja tu: "Mgeni anayekuja na mzigo kichwani humpigi. Mngoje autue."

Wana wa kiume tulikuwa wawili, mimi na Ouma, nami nikimzidi miaka sita. Ouma alirithi mikono ya babu. Aliweza kusuka mgono huku anaongea nawe, hatazami anachofanya, na ukimaliza maneno yako mgono nao umekwisha. Mimi nilirithi macho. Niliweza kusimama ukingoni nikakuonyesha samaki alipo kwa mkunjo wa maji tu, mkunjo ambao wewe ungedhani ni upepo. Watu waliniambia ni kipawa, nami nikawaamini.

Macho hayo ndiyo aliyoyataka Bwana Makrei.

Alikuwa injinia wa mitambo huko Tororo, mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, anakuja kila Jumamosi na Landrova yake na ufito wa kuvulia uliokunjwa ndani ya mfuko wa turubai. Hakuwa mtu mbaya. Nakuambia hivi kwa sababu ni rahisi sasa kumlaumu Mzungu kwa kila kitu, nami nimelijaribu hilo, halikunisaidia. Kwao ni Uskochi, na baba yake alikuwa na kazi kama yangu: kuwapeleka mabwana wenye mashamba mtoni na kuwaonyesha samaki anayeitwa samoni. Siku moja tumekaa kwenye mwamba tunakula muhogo, ningu wanaruka kwenye maporomoko madogo pale chini, akaacha kutafuna.

"Wandera," akasema, "hii samaki ni kama samoni yetu. Samoni nazaliwa mtoni, nakwenda baharini, nakuwa mkubwa, halafu narudi mto ile ile. Hapana kosa njia. Kama mtu ya Busia nakwenda Nairobi, lakini narudi kufa kwao."

Nilimpenda siku ile. Ningu wenyewe hawali ndoana. Yeye alimtafuta fwani, samaki mkubwa mwenye sharubu anayepanda pamoja nao. Nilimbeba mgongoni kwenye vivuko asilowe. Nilimfundisha kunyamaza kiboko akipumua karibu, na kutorusha kile kijiko chake cha kung'aa, cha kudanganyia samaki, katikati ya maji, bali pembeni mwa povu, akihesabu mpaka nne kabla ya kuvuta. Siku alipomtoa fwani aliyemlemea mikono yote miwili, alinikumbatia, akanuka tumbaku na jasho, akalia. Mtu mzima. Akasema laiti baba yake angaliona.

Wazungu wengine wakaja kwa sababu yake. Aliniita gaidi wake, ndivyo kwao wanavyomwita mtu wa kuonyesha njia. Ouma alicheka siku nzima aliposikia. "Kaka, kwa Kiswahili gaidi ni mnyang'anyi wa porini! Na wewe unaitikia?" Nilikasirika. Nilikuwa na viatu vya ngozi alivyonipa Makrei, vikubwa kwa nambari moja, nikivivaa kanisani na karatasi ndani, na wazee walinisogezea kiti. Ouma alikuja kanisani pekupeku, miguu ina nyufa za tope, akakaa nyuma akaimba kuliko watu wote.

Kuna lile shimo la maji ambalo sisi tunaliita la Bibi, kwa sababu mama yake babu alikuwa anachota hapo. Makrei alikuwa na kitabu kidogo anachoandika kila mahali nilipomwonyesha. Mwaka wa tatu nilimsikia akimwambia mwenzake waende kwenye Shimo la Makrei, na alipoona sijaelewa ni lipi, akanielekeza mimi njia ya kwenda kwenye lile la Bibi. Tena ile picha iliyo ukutani kwetu, ambayo umeipangusa vumbi miaka yote hii: Makrei ameshika samaki, anacheka. Ule mkono mweusi ulioshika kamba pembeni ni wangu. Mimi mwenyewe sikuingia. Kazi ya kumwongoza mtu iko hivyo, mwanangu. Kila unachomwonyesha, kesho hakihitaji wewe tena. Nililijua hilo mapema, na badala ya kunitia akili likanitia njaa. Nilitaka kuhitajiwa.

Kisha Uhuru ukakaribia, na Wazungu wa Tororo wakaanza kufunga masanduku. Makrei alikuja kuniaga akaniachia ufito wake mmoja, ule wa zamani, uliofungwa waya mahali ulipovunjika. Akasema ataandika. Hakuandika. Nikarudi kwenye jembe kama watu wengine, na pale kanisani hakuna aliyesogeza kiti.

Huo ndio mwaka alipokuja Zakaria.

Alitoka upande wa Kenya, mfanyabiashara wa samaki, shati jeupe, sauti ya upole ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Lori aliliacha barabarani, akaja kwa miguu mpaka hapa nyumbani, akanikuta nafunga mbuzi.

"Habari ya leo, mwalimu."

"Mimi si mwalimu. Umepotea nyumba."

"Anayejua jambo wasilolijua wengine ni mwalimu," akasema. "Nyavu ninazo, za nailoni, ukizitandaza zinatoka hapa mpaka kanisani. Mitumbwi ninayo. Vijana ninao. Nisichokuwa nacho ni macho. Nimeuliza kote, Majanji mpaka Sio Port, wote wananitajia mtu mmoja."

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya mgeni. Alinitazama. Alijua. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumvutia Zakaria kiti. Nimefikiri mara nyingi ni kitu gani hasa kilichoninunua siku ile, na ningependa kukuambia ni shida, au ni njaa ya nyumbani. Si hivyo. Lilikuwa neno mwalimu.

Nikamweleza yote. Kwamba usitazame mvua ya hapa, tazama mvua ya milimani, maana mto hupata habari kabla yetu. Kwamba maji yakianza kunuka nyasi zilizooza, unahesabu siku tatu. Kwamba ningu hawaingii mtoni mmoja mmoja. Wanakusanyika kwanza pale mdomoni, Sio inapoingia ziwani, wanazunguka kama watu wanaongoja mlango wa soko ufunguliwe, kisha wanaingia kwa pamoja. Mtu akifunga mdomo ule kwa wavu siku hiyo, hakuna wa kupita. Hilo la mwisho babu alituambia mimi na Ouma peke yetu. Alituambia ili tulilinde.

Masika yalipofika, siku ya tatu ya harufu ile, alfajiri nilisimama kwenye mtumbwi wa kwanza, nikanyoosha mkono: hapa, na pale, mpaka kwenye matete yale. Vijana wakatandaza. Jua lilipotoka, maelea ya wavu yote yalikuwa yamezama kwa uzito. Nekesa, sijaona samaki wengi namna ile tangu nizaliwe, na sitaona tena. Walivuta mpaka viganja vikatoka damu. Zakaria alinipiga begani akasema, "Mwalimu! Mwalimu!" na watu wa pwani yote ile ya ziwa wakageuka kunitazama, na moyo wangu, naona aibu kuandika hivi, moyo wangu ulijaa.

Wanawake walikaa mstari mrefu wanapasua. Kila samaki alikuwa na mayai. Yalimwagika mchangani, manjano kama unga wa yale mahindi ya msaada wa njaa, mpaka mbwa waliyachoka.

Ouma alikuwa ametembea tangu jogoo la kwanza. Alikuwa amejenga uzio wake tayari, akaona mto umebadilika rangi na hakuna kinachopita, akafuata maji kwenda chini kutafuta sababu. Akanikuta. Alipita kati ya wale wanawake, akaokota samaki mmoja, akaja naye mpaka niliposimama.

"Kaka, hawa wote wana mimba."

"Nawaona."

"Nani amewaonyesha mahali hapa?"

"Mimi."

Hakupandisha sauti, maana hakuwa na tabia hiyo. "Basi waambie wainue wavu leo tu," akasema. "Siku moja. Wapite hata nusu. Kesho watandaze tena."

Zakaria alikuwa karibu, anasikiliza, anatabasamu, ananitazama mimi aone nitasema nini. Na hilo ndilo lililoniudhi. Halikuwa ombi la Ouma. Lilikuwa lile tabasamu. Niliona anatupima, mwalimu na huyu mtu wa pekupeku, na nikaogopa asije akaona kuwa sisi ni kitu kimoja.

"Wewe kazi yako ni vikapu," nikamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Dunia imekwenda mbele. Rudi nyumbani ukasuke vikapu na wanawake."

Wengine walicheka. Ouma alitoa panga lake dogo la kukatia matete, akaenda kwenye kamba ya wavu iliyofungwa kwenye kigingi. Nikamfikia kabla hajaikata, nikamshika bega, nikamgeuza, nikampiga kofi. Mdogo wangu. Mtu mzima mwenye mtoto, mbele ya wake za watu.

Hakunirudishia. Aliinama ukingoni, akanawa uso polepole kama mtu anayejiandaa kula, akachukua panga lake, akaondoka kwa njia aliyojia. Yule samaki alimlaza kwenye mchanga miguuni pangu.

Mwaka uliofuata Zakaria alikuja tena, wakavua, lakini lori moja halikujaa. Mwaka wa pili hakuja. Nilisikia amehamia mto mwingine, na bila shaka alipata mwalimu mwingine.

Katika mwaka ule wa pili maji yalibadilika rangi, yakanuka nyasi, kila kitu kama zamani. Ouma akajenga uzio. Mimi nilikuwa napita njia ya juu, ile ya mashamba, ili nisikutane naye, na kila nilipopita nilimwona amekaa kwenye jiwe anatazama milango yake. Siku kumi. Siku kumi na tano. Nakumbuka siku moja wewe ulikuwa umelala mapajani mwake na yeye ameinamisha kichwa kukukinga mvua. Mama yako mzazi alikufa ukiwa bado unanyonya, kwa hiyo alikwenda nawe kila mahali. Migono ilitoka mitupu. Maji yalipopungua aliuvunja uzio fito kwa fito, akazipanga kando ya njia vizuri, kama kuni za mgeni, akaziacha pale mpaka mchwa wakazila.

Alikuwa hana kazi nyingine. Katika shamba la babu, Ouma alikuwa ameniachia mimi sehemu kubwa, kwa sababu yeye ana mto. Hilo pia sikuwahi kukuambia.

Ulikuwa na miaka kumi alipokuleta hapa. Ulivaa gauni la buluu lililokuwa limefupika, umeshika mkeka wako. Hakuingia ndani. Alisimama pale uani, na yalikuwa maneno ya kwanza kuniambia tangu siku ya wavu.

"Nakwenda Tiira. Nekesa akae hapa mpaka nirudi."

"Sawa," nikasema.

Akabaki amesimama. Aliutua mfuko wake, akaufungua, akaufunga tena, akautia begani. Akatazama paa. Leo najua alikuwa ananipa nafasi. Mashimo ya dhahabu ya Tiira nilikuwa nayajua. Nilikuwa nimewaona watu wakishuka mle kwa kamba ya mkonge, na nilijua udongo ule ukilowa unavyoachia. Ningeweza kusema, usiende. Ningeweza kusema, chukua nusu ya shamba hili, ni lako. Ningeweza kuanza na lile kofi. Yote yalikuja mpaka hapa kooni, Nekesa, nikayaona marefu mno, nikaona nitaonekana mdogo mbele ya mke wangu.

"Uangalie mvua," ndilo nililosema.

"Nitaangalia," akajibu, akaenda.

Unajua alikuja Krismasi na akakuletea kalamu na sukari. Uliniambia zamani kwamba mikono yake ilikuwa imebadilika, migumu kama kwato. Mvua ziliporudi, wiki ya tano, kijana mmoja Mteso alinifikia kwa baiskeli akasema ukuta wa shimo umeanguka. Nilikwenda, nikachimba na wengine mchana kutwa. Mimi ndiye niliyekuta mkono wake kwanza. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Utakuwa muuguzi, utaona ya kwako.

Lakini hili lazima nikuandikie. Wenzake walinipeleka kwenye kibanda walichokuwa wanalala, nichukue vitu vyake. Hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na blanketi, sufuria, na kwenye kona, mgono uliosukwa nusu. Mmoja wao, mzee wa Buteba, aliniambia, "Huyu mtu alikuwa nasuka kila siku, tukimaliza kazi. Tulimcheka. Tulisema, Ouma, huku samaki hakuna. Yeye nasema ningu watarudi, na mimi nitarudi." Walidhani nitauchukua. Nikachukua blanketi na sufuria, nikasema ule siutaki, hauna kazi. Niliogopa kuufikisha nyumbani, watu wakauona, wakauliza maswali.

Siku ya mazishi walinipa nafasi ya kusema, kama kaka. Uani palijaa watu wa kutoka pande zote mbili za mto, na wengi wao walikuwepo pwani siku ya wavu. Niliona macho yao. Nikasimama mbele ya jeneza la mdogo wangu nikasema, "Ouma alikuwa na kila kitu hapa, lakini dhahabu ilimwita. Vijana, mjifunze." Wazee walitikisa vichwa kukubali. Ilikuwa habari nzuri, ina mafunzo ndani yake. Katekista aliirudia Jumapili. Na wewe ulikuwa umekaa chini karibu na jeneza, umeshika ile kalamu, unanisikiliza.

Wakati ule ule ungeweza kuuliza. Uliuliza baadaye, ulipokuwa darasa la saba, watoto wakikutania shuleni kwa jina la Binti Dhahabu. Ulinikuta nanoa jembe. "Baba, ni kweli baba alitupenda kidogo kuliko dhahabu?" Sikuacha kunoa. Nikasema, "Wanaume wengine hawatosheki." Nilikuona unaondoka na kitu usoni kimefungwa, na tangu siku ile hukumtaja tena. Lile kofi la pwani lilikuwa la hasira, nami naweza kulielewa hata leo. Hili la pili nililipiga nikiwa nimetulia, na nililipiga kwa mtoto.

Watu huniambia nimekulea vizuri. Nilikupenda, hilo ni kweli, lakini nilikuwa nakupenda pia kama mtu anayepaka lipu ukuta wenye ufa. Nilifurahi uliponiita Baba. Nilifurahi ulipomchukia yeye kidogo, maana kila ulipomchukia, mimi nilipata kupumua. Huyo ndiye mtu aliyekulipia shule. Sasa umjue.

Sina mawaidha ya kukupa. Nayajua machache tu, na nimeyapata kwa kuwaumiza watu wengine. Mtu akikupa jina kubwa, tazama mikono yake imeshika nini. Na ukiona neno ulilotakiwa kusema ni refu mno, sema kipande chake. Ouma angebaki kwa kipande. Angebaki kwa "usiende" peke yake, namjua.

Leo asubuhi nilimwambia mama yako kwamba nitakuandikia. Alikuwa anapepeta mtama, hakusimama. Akasema, "Nilikuwepo Zakaria alipokuja. Nilikuwepo Ouma aliposimama hapo uani. Miaka yote hii nimekungoja, Wandera, na kukungoja wewe kumenizeesha." Kisha akaniuliza, "Utamwambia mtoto peke yake, halafu akiwa mbali, ndani ya treni?" Nilivaa shati, nikaenda kwa katekista.

Nilimkuta anafagia kanisa. Nikamwambia nataka nafasi kwenye matangazo ya Jumapili.

"Tangazo la nini?"

"La msiba."

Akasimamisha ufagio. "Pole sana. Nani amefariki?"

"Ouma."

Alinitazama kama unavyomtazama mtu mwenye homa. "Wandera, Ouma tulimzika zamani. Mimi mwenyewe niliongoza sala."

"Ndiyo," nikamwambia. "Lakini nilichosema siku ya kumzika kilikuwa uongo, na watu wote wanakijua kwa moyo. Nataka kukiondoa mbele ya hao hao."

Amenipa nafasi. Hutakuwepo, na labda ni afadhali, maana sijui kama sauti yangu itatoka. Barua hii sitaitia kwenye sanduku lako uje uikute kati ya nguo. Nitakupa mkononi jioni hii, utaisoma ndani ya nyumba hii, mimi nikiwa hapa. Ukitaka kunitukana, nitukane nikiwa karibu. Ukitaka kesho usindikizwe na mama yako peke yake, sema, nitabaki. Sikuombi msamaha leo. Nikikuomba leo nitakuwa nakupa mzigo mwingine wa kubeba mpaka Kampala.

Nawasikia wewe na shangazi yako njiani, amekusindikiza, mnacheka. Unacheka kama yeye, kichwa nyuma, mdomo wazi. Watu wote wa umri wangu huona hivyo wakikusikia, nami huwa nawakataza wasikuambie.

Nenda ukasome, binti Ouma. Baba yako alikuwa mtu mwema kuliko wote niliowahi kuwajua, na alikupenda.

Ni mimi, kaka wa baba yako,

Wandera